Majani Ambayo Zulma Hakuyatafuna

Binamu yangu Zulma Callisaya hajawahi kutafuna jani la koka maishani mwake. Naanza na hilo kwa sababu ukifika El Alto, mji wetu wa huku juu mlimani Bolivia, leo ukauliza habari zake, utapelekwa kwenye jengo la kijani lenye jani la saruji juu ya paa, jani kubwa kama mlango wa gereji, na utaambiwa kwamba humo ndimo anamofundisha yule binti aliyenyang'anywa medali kwa ajili ya jani letu. Jengo ni lake kweli. Medali alinyang'anywa kweli. Jani ndilo halikuwapo.

Kabla ya jengo hilo, mazoezi ya jimnastiki yalifanyika ghorofa ya tatu kwa don Casimiro Quisbert, kwenye ukumbi wake wa harusi. Dari lilipakwa rangi ya waridi na dhahabu, na katikati ilining'inia taa ya vioo iliyotoka China ikiwa katika masanduku kumi na moja. Don Casimiro alikubali wasichana wafanye mazoezi kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kwa sharti kwamba taa isiguswe. Kila Ijumaa asubuhi wasichana thelathini na wanne waliteremsha magodoro, mikeka na ile boriti ya kusimamia, yenye upana wa kiganja, kwa ngazi za nyuma hadi stoo ya bia, na kila Jumatatu walivipandisha tena vikinuka bia. Zulma akiruka juu ya boriti, mwalimu wake, Rómulo Pinaya, hakutazama miguu yake kwanza. Alitazama taa.

"Umebakiza kiganja kimoja," alikuwa akimwambia. "Mwaka ujao usirefuke."

Hakurefuka. Alipofika miaka ishirini na moja alikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la saba, mapaja kama ya mpanda baiskeli, na nafasi ya kwenda Peru, kwenye michezo ya nchi za Andes. Hakuna msichana wa huku juu aliyewahi kufika huko. Gastón Urioste, aliyeitwa Licenciado kwa sababu ya shahada yake, mwenyekiti wa chama cha jimnastiki cha nyanda za juu, alipanda kutoka mtaani kwake kule chini bondeni, wanakokaa wenye nazo, kuja kumwona. Alipanda ngazi za ghorofa tatu, akakaa kwanza ili apumue, kisha akatoa ahadi mbele ya wazazi wote: Zulma akirudi na medali, ya rangi yoyote, wasichana watajengewa ukumbi wao wenyewe.

"Hata ya shaba, Licenciado?" aliuliza mama mmoja.

"Hata ya bati, mama."

Kuanzia siku hiyo kila mzazi aliyebeba godoro Ijumaa alimtazama Zulma kama mtu anavyoutazama ufunguo.

Mwalimu Pinaya alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kuliko zote: hakuna koka. Majani hapana, chai yake hapana, hata zile peremende za kijani wanazouziwa watalii uwanja wa ndege hapana, kwa sababu vipimo huiona na vipimo havijui tofauti kati ya bibi yako na mhuni wa disko anayenusa kokeini. Zulma alitii kama mtawa. Babu yetu alipofariki, mfuko wa majani ulizunguka kwa waombolezaji kama kawaida, ukamfikia Zulma, naye akaupitisha kwa aliyekaa kando bila kuchukua hata jani moja. Mashangazi walilizungumza jambo hilo kwa miaka minne.

"Anajiona mtu wa kule chini," walisema.

"Babu yake mzazi, jamani. Jani moja tu la kumuaga."

Kwa hiyo kuhusu koka hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Taabu ilitoka upande wa shanga.

Ukoo wetu ni wa watarizi. Tunatengeneza mavazi ya wacheza ngoma wa sikukuu kubwa ya mwezi wa sita: makoti, mabega, mikanda yenye joka na tai. Mama yangu, Delfina, ndiye shangazi aliyeheshimiwa zaidi mezani pa kutarizia, na aliposikia kwamba timu itavaa vazi la kubana jeusi, tupu, lililonunuliwa dukani Chile, aliweka sindano chini.

"Mtoto wa Callisaya atoke mbele ya watu kama kuku aliyenyonyolewa? Mimi nikiwa hai?"

Alimpima Zulma mwezi wa kumi na moja. Alitarizi kondori kutoka bega hadi bega kwa uzi wa fedha, mbawa zikizunguka mbavu, shanga kwenye kila unyoya, na jicho la kioo. Hata Mwalimu Pinaya, aliyekuja kulikataa, aliligeuza vazi mara mbili mikononi halafu akasema ni sawa. Vazi lilikuwa zuri mno. Mama yangu, ambaye maisha yake yote amewavalisha wanaume wenye vitambi, wanaocheza huku wamefungua vifungo, alisahau kitu kimoja: kitambaa kile huvutika, ila uzi wa fedha hauvutiki.

Kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu, mwezi wa safari, kuna Krismasi, kuna Karnivali, na mwaka ule kulikuwa na kuagwa kwa Zulma. Kila nyumba ya mtaa ilitaka kumlisha kabla hajaondoka. Supu ya chairo kwa jirani huyu, fricasé ya nguruwe kwa yule, viazi vikavu vya chuño kila mahali, na sahani iliyopakuliwa kwa heshima yako huwezi kuirudisha. Alishakataa majani kwa babu. Asingeweza kukataa na nyama.

Jumapili ya mwisho alivaa vazi mbele yetu, sebuleni kwa bibi yetu Eusebia. Liliishia nyongani. Mama alivuta, mimi nikavuta, kondori akatoa sauti ya kukatika uzi.

"Ni maji tu," mama alisema akiwa na pini mdomoni. "Ukifika pwani utakauka."

Bibi Eusebia, ambaye miguu yake huvimba, alikuwa na vidonge kutoka zahanati, kwenye kopo la biskuti juu ya jokofu. Mara nyingi alikuwa akivisifia mbele ya wageni. "Nikimeza kimoja, saa mbili baadaye hata pete ya ndoa inavuka." Zulma alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu utotoni. Jioni ile alichukua viwili.

Huko Peru alimeza vyote viwili kabla ya siku ya fainali. Vazi likafunga. Alipanda juu ya boriti akiwa na kiu na ndege wa fedha mgongoni, na kwa mara ya kwanza juu ya kichwa chake hapakuwa na taa ya mtu. Aliruka juu kuliko alivyowahi kuruka. Alipata shaba.

Tulimpokea kwa gari la zimamoto. Alizungushwa mitaani kutoka uwanja wa ndege, vipande vya karatasi vikiwa vimemganda kichwani, bendi mbili zikipiga nyimbo tofauti. Licenciado Urioste alimvika shada la majani ya koka shingoni, kama wanavyovikwa wageni rasmi, na mpiga picha akawaomba warudie. Picha hiyo ilitoka ukurasa wa mbele. Tafadhali ikumbukeni.

Wiki tatu baadaye ilifika barua ya Kiingereza kutoka kwa waandaaji wa michezo kule Peru. Nakala moja ilikwenda kwa Urioste, nyingine kwa Zulma. Urioste alisoma aya ya kwanza, akaelewa kwamba kwenye mkojo wa Zulma kumekutwa kitu kilichokatazwa, akaikunja. Hakuhitaji zaidi. Ni mtu wa Bolivia, na mtu wa Bolivia akisikia kwamba wageni wamekuta kitu kwenye mkojo wa mtu wa El Alto, anajua ni nini, hasa baada ya ile picha ya shada. Saa nane mchana redio zote zilikuwa zimeshasema: wametukuta na koka.

Zulma aliniletea nakala yake kwa sababu nilikuwa mwaka wa pili wa lugha chuo kikuu. Nilisoma kurasa zote tatu. Neno koka halikuwamo. Lilikuwamo neno refu ambalo kamusi yangu haikuwa nalo.

"Furosemide," nilimsomea. "Humu wameeleza ni dawa ya kutoa maji mwilini. Wanasema imekatazwa kwa sababu huweza kusafisha dawa nyingine zisionekane."

Zulma aliketi juu ya kitanda changu, akavua viatu, akavivaa tena.

"Ni vidonge vya bibi," alisema.

Nje, barabarani, mtu alikuwa tayari anapita na kipaza sauti akiwaita watu wa mtaa wakaandamane Alhamisi. Mtu pekee aliyeweza kusoma barua ile hadi mwisho nilikuwa mimi, na hakuna aliyeniuliza. Mimi si mtu wa kusema nisipoulizwa.

Alhamisi walishuka mjini maelfu. Chama cha watarizi, chama cha wachinjaji, wang'arisha viatu na barakoa zao, wakulima wa koka waliokuja kwa mabasi kutoka mabonde ya Yungas. Mashangazi wale wale wa msibani walitembea mstari wa tatu. "Jani si dawa ya kulevya, Zulma si mwizi," waliimba. Urioste alikuwa mbele kabisa, shavu moja limevimba majani. Hakuwahi kuyatafuna, aliyatia na vijiti vyake, akayameza, na kufika uwanjani alikuwa na rangi ya karatasi. Bibi Eusebia, miaka sabini na tisa, alitembea njia yote kwa miguu yake ya kuvimba, bango la jani la kijani likiwa begani. Watu walilia walipomwona.

Zulma hakuandamana. Siku iliyofuata alikwenda ofisini kwa Urioste, akaniomba niende naye ili nisome barua kwa sauti ikibidi.

"Mheshimiwa," alianza, "si koka."

"Kaa, binti yangu. Tutashinda hili jambo. Nchi nzima iko nyuma yako."

"Iko nyuma ya koka. Mimi nilimeza vidonge vya bibi yangu. Vya kutoa maji. Vazi lilikuwa halifungi."

Urioste alinitazama mimi. Nikamnyoshea ukurasa wa pili, nikaweka kidole kwenye lile neno.

"Furo nini?"

"Furosemide, mheshimiwa."

"Na koka je?"

"Haimo."

"Haimo kabisa? Hata kidogo?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliyepoteza ndugu.

"Hajawahi kuila."

Urioste akaenda dirishani, kisha akarudi na uso mwingine.

"Sikilizeni, wanangu. Jana usiku madiwani wamepitisha ukumbi. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ya maandamano. Hakuna diwani aliyetaka kuwa wa kwanza kukataa. Jumamosi ijayo tunaweka jiwe la msingi. Sasa niambie, Zulma, kuna baraza la mji hapa duniani litakalojenga ukumbi kwa heshima ya vidonge vya bibi yako?"

Zulma aliichukua barua mkononi mwangu, akaikunja.

"Wale wadogo wataendelea kubeba magodoro," Urioste alisema kwa upole. "Wewe mwenyewe umebeba miaka mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi. Usiseme uongo. Sijakuambia useme uongo. Nyamaza tu."

Katika gari la kamba linaloning'inia angani, lililoturudisha juu, Zulma aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Chini yetu mabati ya nyumba yalikuwa yakipita. Nilimwambia kwamba kunyamaza si vigumu, mimi hukaa kimya wiki nzima.

"Wewe hakuna anayekushangilia ukiwa umenyamaza," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaeleza tu.

Usiku huohuo, mezani kwangu, alinitajia jibu la kuwapelekea wale wa Peru, nami nikaliandika kwa Kiingereza changu cha mwaka wa pili. Alieleza vidonge, vazi, kopo la biskuti. Hakumtaja mama yangu. Kwa hao alisema kweli yote, kwa sababu, alivyosema, ndio pekee waliouliza.

Ila Jumamosi ya jiwe la msingi ikafika, na hapo aliwekewa kipaza sauti mdomoni. Kulikuwa na hema, wachezaji ngoma, mashine ya kuchanganya saruji ikizunguka, na wasichana thelathini na wanne wamevaa kijani. Urioste alimtambulisha kwa dakika ishirini. Zulma alisimama pale mfupi, kipaza sauti kikashushwa, akawatazama wale wasichana, halafu akasema:

"Asanteni. Nataka mjue kitu. Mimi sikutafuna majani. Nilimeza vidonge vya bibi yangu ili vazi linitoshe. Kosa ni langu."

Saruji ilisikika ikizunguka. Niliona Urioste akifumba macho. Kisha mama mmoja wa Yungas, mwenye kofia ya mviringo, alisimama kwenye kiti.

"Mnaona?" alisema. "Mnaona walichomfanyia? Wamemtisha mtoto mpaka amekana jani lake mwenyewe."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Walipiga makofi kwa kuelewa, kama wanavyompigia mtu aliyelazimishwa kukiri polisi. Shangazi mmoja alinishika mkono akilia. "Maskini," aliniambia, "hata uongo hajui kuusema. Vidonge vya bibi." Zulma alijaribu tena, lakini bendi ilikuwa imeshaanza. Gazeti la Jumapili liliandika kwamba bingwa wetu amelazimishwa kukana, na wiki iliyofuata madiwani waliongeza jani la saruji kwenye ramani ya jengo.

Jibu la Peru lilikuja baada ya miezi miwili, la heshima sana. Walimshukuru kwa ukweli wake, wakasema maelezo yake yanalingana na kipimo, wakamfungia mwaka mmoja badala ya miwili, na medali ikaenda kwa msichana wa Ekuado aliyekuwa wa nne. Kwa hiyo waliomwamini walimwadhibu, na wasiomwamini wakamjengea ukumbi.

Mwaka ulipokwisha alikuwa na miaka ishirini na mbili na kifundo cha mguu kibovu. Hakushindana tena. Aliyeumia zaidi, nadhani, alikuwa mama yangu, ambaye kwa miezi mingi hakugusa uzi wa fedha na hakusema sababu. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa sebuleni siku vazi lilipokwama nyongani, akiwa na pini mdomoni.

Bado kulikuwa na bibi. Zulma alimkwepa kwa muda mrefu. Kila alipoingia jikoni macho yake yalikwenda juu ya jokofu. Asubuhi moja tulikuwa watatu, tunakunywa api, uji wa moto wa mahindi, na mikate, ndipo akasema.

"Bibi, vile vidonge vya miguu. Nilikuibia viwili."

Bibi Eusebia alichovya mkate wake.

"Nesi hunipa thelathini. Mwezi ule viliisha siku ya ishirini na nane. Ulidhani nitasema ni panya? Panya hawavimbi miguu."

"Kwa hiyo ulijua? Tangu lini?"

"Kabla hujapanda ndege."

"Na ukaandamana."

"Watu walikuwa wanasema mjukuu wangu ni mwizi. Nibaki nyumbani?"

"Lakini ulibeba bango la jani, bibi."

"Bango la kidonge halikuwepo," alisema bibi, akamsogezea sukari.

Zulma alicheka mpaka api ikampalia, halafu akalia, halafu akaomba mkate mwingine. Tangu siku hiyo aliacha kuteta na mtu barabarani kuhusu jani.

Ukumbi ulifunguliwa mwaka wa tatu. Una shimo la sponji, boriti nne ambazo hazihami, na dari la juu lisilo na taa yoyote ya kuogopa. Wasichana sasa ni zaidi ya mia. Huvaa vazi jeusi tupu la dukani, na hakuna mzani jengo zima. Mama yangu alisikitika sana kuhusu nguo, akaruhusiwa kutarizi pazia la mlango wa choo. Kuna kondori wawili humo.

Kila mwaka, tarehe ya maandamano, Urioste huja na wapiga picha na kumkabidhi Zulma kikombe cha chai ya koka mbele ya watu. Zulma hukipokea kwa mikono miwili, hukiinua, hukiweka mdomoni, kisha humpa bibi, ambaye huketi kando yake kwa kazi hiyo na hukimaliza chote. Mashangazi husema ni heshima nzuri, kumtanguliza mzee.

Barua ya Peru, ile ya kwanza, kurasa zote tatu, Zulma aliiwekea fremu na kuitundika ukutani karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Wazazi wapya huipenda. Ina mhuri na maandishi ya kigeni, nao huwasimamisha watoto wao chini yake na kuwapiga picha. Zulma huwa hawaachi waondoke bila kujua. Mwezi uliopita nilikuwepo alipokuja baba mmoja, mchinjaji, na bintiye wa miaka sita.

"Hiyo si cheti, baba," Zulma alimwambia. "Ni barua ya kunifungia. Nilimeza vidonge vya bibi yangu, wakanikamata. Ukimleta mtoto hapa, nataka ujue hilo kwanza, na nataka naye alijue."

Mchinjaji aliitazama barua. Akatoka hatua mbili nje, akalitazama jani la saruji juu ya paa, akarudi ndani. Akamshika Zulma bega, akashusha sauti ili binti asisikie.

"Tunaelewa, mwalimu," alisema, akamkonyeza.

Kisha akamsogeza mtoto chini ya fremu na kuniomba mimi niwapige picha.